Kitabu cha Mchungaji Gutmann na Kihamba cha Mjane

Mara nyingi vijana wa usharika hutuuliza: Mtu amfuateje Yesu siku ya Jumatatu? Jumapili njia ni nyeupe. Kengele yalia, twavaa nguo safi, twaimba. Jumatatu twarudi mgombani, mfongoni na sokoni, na huko hapana kengele. Swali hilo ndilo alilojaribu kulijibu Mchungaji Bruno Gutmann katika kitabu chake juu ya kuujenga usharika kwa Injili, yaani Gemeindeaufbau aus dem Evangelium, kilichotolewa Leipzig mwaka 1925. Twapenda kukipima hapa, maana mawazo yake yanafaa kupimwa hata na watu wasiopata kamwe kukiona.

Gutmann alizaliwa Dresden mwaka 1876, akafika kwetu mwaka 1902. Wamisionari wa Leipzig walikuwa wamekwisha kuingia Machame tangu mwaka 1893. Yeye alitumika upande huu wa Machame na Masama, kisha akakaa miaka mingi Old Moshi, huko Kidia. Alisikiliza wazee kwa uvumilivu mkubwa. Akaandika sheria za Wachaga na mafundisho waliyopewa vijana wa jando, tena akalifasiri Agano Jipya kwa Kimochi. Basi hakusema juu ya watu asiowajua.

Mafundisho ya kitabu chake kwa ufupi ni haya. Mwanadamu hakuumbwa peke yake kama jiwe lililotupwa njiani, ni kiungo. Amefungwa na wenzake kwa vifungo vitatu: ukoo, yaani damu, ujirani, yaani ardhi na maji, na rika, yaani wale waliokua pamoja naye. Injili haiji kuvikata vifungo hivi, bali kuvitia uzima. Kwa hiyo aliupanga usharika wake kwa mitaa ya majirani na wazee wao, na vijana wa kipaimara akawafunganisha katika vikundi vidogo vya undugu, kwa mfano wa wenzi wa ngao wa zamani, wachukuliane mizigo maisha yao yote.

Twasema kwa moyo wote: hapa aliona sawasawa. Mtu hamfuati Yesu hewani. Humfuata penye mfongo, usiku, zamu ya maji ikiwa ya jirani na hapana amwonaye akizibua mfereji. Humfuata siku ya msaragambo, pembe ikilia naye anaumwa na uvivu. Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, sisi wa mlimani hatukuhitaji mfasiri. Tulikwisha kujua kwamba jino likiuma mwili wote haulali. Tena historia yashuhudia. Mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, Gutmann miongoni mwao, na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani hawakufika mpaka mwaka 1922. Katika kipindi hicho walimu na wazee wenyewe walizishika sharika, wala hazikufa. Imani iliyopandwa kwa mtu mmoja mmoja tu isingaliistahimili dhoruba ile.

Walakini kitabu kina upungufu, nao si mdogo. Gutmann hakusahau kwamba dhambi huviharibu vifungo hivi. Bali aliogopa zaidi kwamba vingekatwa na fedha, na mji, na ustaarabu wa Kizungu. Alimwona mwizi ajaye kutoka nje, akamwona vizuri. Yule aliyelala ndani ya nyumba hakumtazama sana.

Tutoe mfano ambao kila mzee wa kanisa huku mlimani ameusikia. Mume amekufa. Tanga limekwisha, ndugu wamekula na kunywa. Kisha baraza la ukoo laketi juu ya kihamba, na mjane, hasa asiye na mtoto wa kiume, aambiwa kwamba migomba ile si yake. Yeye ni mtu wa kuja. Aende wapi? Aende kwa mzee wa mtaa, kama kitabu kinavyofundisha. Lakini mzee wa mtaa ndiye shemeji yake, naye aliketi katika baraza lile lile! Hapo vifungo vitatu vimekuwa kamba tatu, na zote zimefungwa shingoni mwa mtu mmoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume katika kupata na kumiliki ardhi. Je, si aibu kwetu serikali ikimtangulia Mkristo kumwona mjane? Nasi tuandikao tusijitoe. Tumeketi katika mabaraza hayo, tumeyajua maneno ya kweli, tukayameza.

Kuna jambo la pili. Mwaka ule ule wa 1925 kitabu kilipotoka, Wachaga waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa. Katika chama hicho mtu wa ukoo huu aliungana na mtu wa ukoo mwingine, kwa ajili ya zao lenye kuleta hiyo fedha aliyoiogopa Gutmann. Basi fedha yaweza kutenganisha watu, lakini watu waweza pia kufunga undugu mpya ambao mababu hawakuujua. Na leo vihamba vimegawanywa hata vimekuwa vidogo, watoto wetu wako Arusha na Dar es Salaam. Jirani yao ni mtu wa kabila jingine, apangaye chumba cha pili. Kama kumfuata Yesu ni kwa ukoo na mfongo tu, tumewapa nini cha kuchukua safarini?

Bwana wetu alipoambiwa kwamba mama yake na ndugu zake wako nje wakimtafuta, aliwatazama walioketi kumzunguka, akawahesabu wale wafanyao mapenzi ya Mungu kuwa ndio ndugu zake. Hakumdharau mama yake. Pale msalabani alimtunza. Ila aliufungua mlango wa nyumba upana zaidi ya damu.

Basi hukumu yetu ni hii. Kitabu cha Gutmann ni chema, na afadhali kisomwe kuliko kusahauliwa, maana kimetuonyesha mahali pa kumfuatia Yesu. Lakini mahali penyewe hapana budi patubu. Tumembatiza baba, tumembatiza mama na mtoto. Baraza la ukoo bado halijabatizwa. Siku litakapoketi tena juu ya kihamba cha mjane, mmoja wetu na asimame aseme, hata kama ni ndugu wa damu wa marehemu. Hapo kijana aliyetuuliza habari za Jumatatu atakuwa amepata jibu.