Wastani wa 2.6 Uliotoka kwenye Bei za Mamia

Safu ya bei ina thamani tano: 120, 85, 1500, 85, na neno "hakuna" pale bidhaa ilipokosekana sokoni. Kwa lugha ya R, neno hilo moja latosha kuifanya safu nzima isomwe kama maandishi. Kabla ya toleo la 4.0.0, read.csv ilikwenda hatua moja zaidi bila kuulizwa: iliyageuza maandishi hayo kuwa faktori, aina ya data iliyoundwa kwa ajili ya makundi.

Faktori hupanga thamani zilizomo kialfabeti, huipa kila moja namba ya nafasi yake, kisha huhifadhi namba hizo. Kwa mpangilio huo 120 hutangulia, 1500 hufuata, 85 huwa ya tatu na "hakuna" ya nne. Mchambuzi akiandika as.numeric(bei), anapata 1, 3, 2, 3, 4, na wastani wa 2.6. Wastani halisi wa bei nne zilizopo ni 447.5. Onyo halitoki.

Bei angalau hujisema zenyewe. Hatari kubwa zaidi iko kwenye safu ya umri wa watoto wa miaka 1 hadi 10 iliyogeuka faktori: kialfabeti 10 hukaa baada ya 1, hivyo mtoto wa miaka 10 huandikwa 2, na wa miaka 2 huandikwa 3. Nani atashtuka?

Njia sahihi ni as.numeric(as.character(bei)). Namba hurudi zilivyokuwa, "hakuna" huwa NA, yaani thamani isiyopo, na R hutoa onyo kwamba kuna thamani zilizopotea katika kugeuza. Wapo wanaolizima onyo hilo ili skrini ibaki safi, na hapo wanajinyima ushahidi pekee walio nao. Inafaa NA zihesabiwe kabla na baada ya kugeuza, kisha kila iliyoongezeka ifuatiliwe hadi kwenye faili la asili.

Aprili 2020, toleo la 4.0.0 liliacha kugeuza maandishi kuwa faktori lenyewe. Sababu mojawapo ilikuwa nzito: mpangilio wa herufi hutegemea lugha iliyowekwa kwenye kompyuta, hivyo msimbo uleule uliweza kutoa mpangilio tofauti kwenye mashine mbili. Faktori yenyewe bado inahitajika, hasa katika modeli zinazolinganisha makundi. Ila faili za .rds zilizohifadhiwa zamani bado zimebeba faktori za wakati ule, na str(), amri inayoonyesha muundo wa data, ndiyo huzifichua.