«Guys» na Pengo la «Ninyi»: Uhakiki wa Namna ya Kuita Kundi katika Kiingereza

Katika mijadala ihusuyo lugha na jinsia, Kiingereza kimepewa nafasi kubwa, na miongoni mwa maneno yake yaliyoshitakiwa mara nyingi ni «you guys», ambalo Mmarekani hulitumia kila siku anapoliita kundi la watu, wawe wanaume, wawe wanawake, wawe mchanganyiko. Wanaolitetea husema kwamba limekwisha kupoteza maana yake ya kiume. Wanaolipinga husema kwamba mwanamke hawezi kuitwa kwa jina la mwanamume, kisha akatakiwa aamini kuwa ametajwa. Pande zote mbili zina hoja. Lakini aghalabu zote mbili hulipima neno peke yake, bila kuangalia mahali linapokaa katika sentensi, na hapo ndipo palipo na kiini cha ugomvi.

Hapana budi kuanza na pengo lenyewe. Kiingereza cha zamani kilikuwa na «thou» kwa mtu mmoja na «ye» kwa wengi, kama Kiswahili kilivyo na wewe na ninyi. Kisha ikaingia desturi ambayo msomaji ajuaye Kifaransa ataitambua mara moja: kumwambia mtu mmoja mwenye cheo kwa kiwakilishi cha wengi. Wafaransa walisimama hapo. «Tu» ikabaki kwa mwandani na mtoto, «vous» ikawa ya mgeni na mkubwa. Waingereza hawakusimama. Heshima ilizidi kuenea hata «you» ikaimeza «thou», na baada ya karne ya 17 «thou» ilikuwa imesalia katika sala, katika ushairi, katika baadhi ya lahaja na katika vinywa vya Wakristo wa madhehebu ya Quaker. Adabu ikawa imeila hesabu. Lugha iliyokuja kutawala biashara na sayansi ya dunia haikuweza tena, kwa kiwakilishi chake sanifu, kupambanua mtu mmoja na umati.

Wasemaji hawakuridhika na umaskini huo, na kila mahali wakajitafutia dawa. Ireland na Liverpool husikika «yous». Pittsburgh kuna «yinz». Kusini mwa Marekani, kwa weusi na kwa weupe, kuna «y'all». Waingereza wana «you lot», ambayo ina harufu ya kukaripia. Nao Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu hawakwenda mikono mitupu: «unu» ya Jamaica, sawa na «una» ya pijini ya Nigeria, wataalamu wengi huihusisha na neno la Kiigbo «unu», maana yake ninyi. Dawa zote hizo hazina jinsia. Iliyo na jinsia ni moja, na ndiyo iliyosambaa kupita nyingine zote.

Asili yake ni ya ajabu. Guy Fawkes alikamatwa usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605 akilinda mapipa ya baruti chini ya Bunge la Uingereza. Kila mwaka Waingereza wakawa wanachoma sanamu yake, na sanamu hiyo ikaitwa «guy». Kutoka sanamu ya matambara neno likahamia kwa mtu aliyevaa ovyo. Huko Marekani, katika karne ya 19, likawa mwanamume yeyote. Karne ya 20 ikalipanua tena katika wingi. Kipindi cha watoto cha The Electric Company, kilichotengenezwa Marekani kuanzia 1971 hadi 1977, kilijulikana kwa ukelele wa «Hey, you guys!», na aliyeupiga alikuwa mwanamke, Rita Moreno. Watetezi wa neno hupenda mfano wa namna hiyo: mwanamke mwenyewe amelitumia, basi limekwisha kutakasika.

Ushahidi huo hautoshi. Upanuzi wa maana umekwenda upande mmoja tu. Wanawake kumi wakiitwa «guys», hakuna aliyetukanwa. Wanaume kumi wakiitwa «ladies» na mwalimu wao wa michezo, wote hujua kwamba wamedharauliwa. Tena, neno lile lile likitolewa katika wito na kuwekwa katika habari, jinsia yake hurudi mara moja: msemaji akisema «two guys were waiting outside», hakuna msikilizaji atakayewafikiria wanawake wawili. Mwaka 1985 Douglas Hofstadter aliandika insha ya kejeli ambamo aliweka rangi ya ngozi mahali pa jinsia, ili msomaji aone jinsi desturi ya lugha inavyoweza kuwa dhuluma isiyoonekana na wanaofaidika nayo. Mwaka 2002 mwanasosholojia Sherryl Kleinman alilitaja «you guys» waziwazi kati ya maneno yanayowafunika wanawake kwa jina la wanaume. Wapinzani, kwa upande wa maana, wameshinda.

Mbona basi neno haliondoki? Jibu limo katika sarufi. Mwaka 2017 mamlaka ya usafiri ya London iliwaagiza wafanyakazi wake wa treni za chini ya ardhi waache «ladies and gentlemen» na waseme «everyone», yaani nyote. Walicheka waliocheka, lakini lugha haikuumia, kwa sababu wito wa namna hiyo husimama nje ya sentensi kama mbisha hodi mlangoni. Huweza kubadilishwa kwa amri. Wakongo wanalijua jambo hilo: mwanzoni mwa miaka ya 1970 utawala wa Mobutu uliondoa «Monsieur» na «Madame» ukaweka «citoyen» na «citoyenne» (jinsia, lakini, haikuguswa), na mwaka 1990 hali ilipolegea majina ya kale yakarudi. Amri iliyaondoa, amri ikayarudisha.

«Guys» halikai mlangoni. Limo ndani ya nyumba. Katika «what do you guys want?» huwezi kuliondoa na kuweka «everyone», wala «friends», wala «colleagues», kwa maana sentensi itavunjika. Wamarekani wamefika hata kuliundia umilikishi, «your guys's», ambao walimu huuchukia, lakini ambao unathibitisha kwamba nomino hii inageuka kiwakilishi. «Folks» hukaribia, ila ina unyumbani fulani usioingia kila mahali. Ni «y'all» pekee iliyo tayari kukalia kiti hicho, na kwa hakika imeanza kutoka kusini na kuingia vinywani mwa watu ambao mababu zao waliicheka. Anayewakataza wanafunzi «you guys» bila kuwapa kiwakilishi kingine cha wingi anawataka warudi katika pengo, na hakuna msemaji anayerudi huko kwa hiari.

Msemaji wa Kiswahili asijione kuwa msafi kupita kiasi. Ni kweli kwamba ninyi haina jinsia. Lakini latazamwe neno jamani. Ndani yake mna jamaa, yaani ukoo, ambamo mama na dada wamo tangu mwanzo, na wanawake huitana kwalo bila kusita. Hata hivyo, mtu akisimulia kwamba «jamaa mmoja alikuja», wengi humwona mwanamume. Njia ni ile ile iliyopitwa na «guy», ingawa ilianzia mahali tofauti: Kiingereza kiliwaingiza wanawake katika jina la mwanamume, Kiswahili kilichukua jina la ukoo mzima na kumwachia mwanamume umoja wake. Wahakiki wa Kiswahili bado hawajalishughulikia jambo hili kwa uzito unaostahili.

Kwa mfasiri, tofauti iliyoelezwa hapa ina faida ya papo hapo. Akikuta «Hey, guys!» peke yake, jamani inafaa. Akikuta «what do you guys want?», jamani ni ziada, na vijana au mabwana ni kosa. Sentensi hiyo ni «mnataka nini?», au «munataka nini?» kama isemwavyo Lubumbashi. Neno zima «guys» limo katika kiambishi kile kifupi, na mwanamke aliyemo katika kundi amekwisha kutajwa.