Kwa Nini Dawa Mseto Humezwa Siku 3

Pakiti ya dawa mseto ya malaria, ALu, anayopewa mtu mzima ina vidonge 24. Anameza 4, halafu 4 vingine baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 usiku kwa siku 2 zinazofuata. Aliyeanza saa 2 asubuhi atameza dozi ya pili saa 10 jioni. Kesho na keshokutwa atameza saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Wapo wanaofuata ratiba hiyo mpaka homa ishuke, kisha vidonge vilivyobaki huwekwa akiba. Hapo ndipo tiba inapoharibika, maana ratiba hii imepimwa kulingana na jinsi mwili unavyoipokea dawa na jinsi unavyoiondoa.

Kila kidonge kina dawa 2: artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Kazi zao hazifanani.

Artemetha ndiyo ya haraka. Ikishafyonzwa tumboni hufika kwenye ini, ambako vimeng'enya huigeuza kuwa dihidroartemisinini, nayo pia huua vimelea. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini, na ulaji huo huacha himu, masalia yenye madini ya chuma. Himu hiyo ndiyo inayoiamsha dawa: huvunja kiungo cha oksijeni kilichomo ndani yake, na vipande vikali vinavyotokea huharibu protini za kimelea. Katika saa 48, ambazo ni mzunguko mmoja wa kuzaliana kwa vimelea, idadi yao inaweza kupungua mara 10,000 hivi. Ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu mapema.

Tatizo ni kwamba artemetha haikai. Nusu-uhai yake ni kama saa 2, yaani kila baada ya saa 2 kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu. Baada ya saa 8 inabaki sehemu 1 kati ya 16. Ni lazima irudiwe, tena kwa siku 3, ili iikute mizunguko 2 ya vimelea. Tupige hesabu. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuwa na vimelea bilioni 1,000 mwilini. Gawa kwa 10,000, kisha gawa tena kwa 10,000: vinabaki 10,000. Homa imekwisha, mtu amerudi kazini, lakini ugonjwa bado umo.

Masalio hayo ndiyo kazi ya lumefantrini. Huzuia kimelea kuigeuza himu kuwa chembe zisizo na madhara, kikafa kwa sumu ya chakula chake chenyewe. Nusu-uhai yake ni siku 3 hadi 6, hivyo huendelea kulinda damu baada ya kidonge cha mwisho. Lakini kiwango chake cha kutosha kwenye damu hujengwa na dozi zote 6. Anayeacha siku ya pili hubaki na lumefantrini pungufu, na malaria inaweza kurudi baada ya wiki chache.

Chakula nacho ni sehemu ya tiba. Lumefantrini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Kwa watu wazima wenye afya waliopimwa, mlo wenye mafuta mengi uliongeza ufyonzwaji wake mara 16 ukilinganisha na tumbo tupu. Mgonjwa asiye na hamu ya kula hahitaji pilau. Kikombe cha maziwa, uji wa karanga au kipande cha parachichi husaidia sana. Chai ya rangi peke yake haitoshi. Akitapika ndani ya saa 1, dozi hiyo irudiwe. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu au efavirenzi ya VVU amweleze mtoa dawa, kwa sababu dawa hizo huchochea vimeng'enya vya ini na kupunguza nguvu ya ALu.

Haya yana uzito zaidi sasa. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 na SP mwaka 2006 kama tiba ya kwanza ya malaria kwa sababu ya usugu. Leo vimelea vyenye usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, kundi la dawa ambamo artemetha imo, vimethibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Vimelea hivyo hufa polepole, hivyo mzigo mkubwa zaidi huiangukia lumefantrini.

Mtoa dawa asiishie kuandika "4x2" juu ya pakiti. Amweleze mgonjwa saa za kumeza, chakula cha kumezea, na kwa nini kupoa kwa homa si kupona. Nawe uliyepewa ALu, maliza vidonge vyote. Homa ikirudi, nenda kituoni ukapimwe upya.