Besi Inafuata Ngoma Ipi?

Larry Graham alikodi gitaa la besi kwa dharura tu. Alikuwa kijana wa Oakland, California, akipiga muziki vilabuni pamoja na mama yake, Dell Graham, aliyekuwa mpiga piano na mwimbaji. Kinanda alichokuwa akikikanyaga kwa miguu ili kutoa sauti za chini kiliharibika, na besi ikashika nafasi yake. Baadaye mpiga drams naye akaondoka, wakabaki wawili. Graham akaanza kuzigonga nyuzi nene kwa dole gumba ili apate mdundo wa ngoma kubwa, na kuzidonoa nyembamba kwa kidole mpaka zikatoa mlio mkali wa ngoma ndogo. Alipojiunga na Sly and the Family Stone katika miaka ya 1960, ujanja huo wa kuziba pengo ukageuka mtindo, na wapiga fanki wa kila kizazi kilichofuata wameujifunza.

Graham alikuwa akiifuata ngoma ambayo haikuwapo. Mpiga besi yeyote anayehama kutoka muziki mmoja kwenda mwingine hukutana na swali la aina hiyo kabla hajagusa uzi: humu ndani, ngoma yangu ni ipi?

Chombo chenyewe hakimpi jibu. Tangu Leo Fender alipotoa Precision Bass mwaka 1951, gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne zilizopangwa kwa sauti za E, A, D na G, sawasawa na dablibesi, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kusimama. Uzi mnene kuliko yote hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, uwe Detroit au Unguja. Noti za rege zimo ndani ya rumba, na za rumba zimo ndani ya jazi. Kinachobadilika ni wakati wa kuzitoa, muda wa kuziacha zilie, na mahali pa kunyamaza.

Huko Detroit, James Jamerson aliianza kazi kwa dablibesi na jazi, kisha akaingia studio za Motown. Alicharaza kwa kidole cha shahada peke yake, na nyuzi hakupenda kuzibadilisha. Zilipochakaa, ndivyo alivyozipenda. Nyuzi kuukuu hutoa noti nzito isiyodumu. Kwa sababu noti haikudumu, aliweza kuongeza nyingine, akapenya katikati ya ngoma na matari bila kumfunika mwimbaji. Albamu ya Marvin Gaye, What's Going On, ya mwaka 1971, ni darasa la ufundi huo: besi inatembea wimbo mzima, na bado sauti ya Gaye ina nafasi tele.

Mtu aliyekomaa katika mtindo huo akienda kwenye rege, mazoea yake yatamsaliti. Katika mdundo wa wan-dropu, pigo la kwanza huachwa tupu na ngoma kubwa hutua kwenye la tatu. Aston Barrett wa The Wailers, akiwa na ndugu yake Carlton kwenye drams, aliutumia utupu huo kama chumba cha kuimbia. Noti zake ni chache, nene, zimepangwa kama sauti ya pili ya wimbo, na nyingine huanza pale ambapo mgeni angedhani mwenzake amechelewa.

Taarabu ya Unguja ina adabu nyingine kabisa. Ikhwani Safaa, kundi lililoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, la mwaka 1958, hupanga udi, kanuni, fidla na akodioni mbele, na dablibesi nyuma, ikidonolewa zaidi kuliko kupigwa kwa upinde. Hapo ngoma ya kufuatwa ni dumbaki, na hasa lile pigo lake zito la katikati ya ngozi. Shingo ya dablibesi haina freti, vile vyuma vinavyogawa noti kwenye gitaa, kwa hiyo sikio ndilo linaloamua kidole kitue wapi. Fidla zote zikiingia kwa pamoja kumjibu mwimbaji, mpiga besi anayetafuta sifa atauvuruga mpango mzima.

Ukivuka bahari hadi Dar es Salaam, kwenye muziki wa dansi, anayeungurumisha besi huruhusiwa kusema zaidi. Katika nyimbo za Mlimani Park, Sikinde, magitaa husukana na besi hujibu kwa vipande vilivyokatika, huku ikiacha mianya inayofanya mguu utafute pa kukanyaga. Benga ya Kenya, kama ile ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, haina subira hiyo. Magitaa yake yamerithi mbio za nyatiti ya Waluo, na besi hukimbia nayo kwa noti fupifupi.

Wapo waliobeba lafudhi yao hadi kwenye muziki wa wengine. Paul Simon alipokwenda Johannesburg mwaka 1985 kurekodi nyimbo za Graceland, Bakithi Kumalo alifika na besi isiyo na freti, na mtelezo wake ukawa alama ya albamu hiyo. Kile kipande chake maarufu katika You Can Call Me Al kina siri ya studio: nusu ya pili ni ile ya kwanza, mkanda umegeuzwa. Wanaokiiga jukwaani hulazimika kuvifundisha vidole kitu ambacho vidole havikukipiga.

Bendi za hotelini leo huitwa zipige rumba, zouk, rege na Bongo Fleva usiku mmoja, na sasa amapiano pia. Katika amapiano sauti ya chini hutoka kwenye kompyuta, na ngoma na besi zimekuwa kitu kimoja. Baadhi ya wapiga besi huifuata noti kwa noti. Wengine hupanda juu ya shingo ya gitaa, wakapiga vijimelodi vyembamba, na sehemu ya chini wakaiachia mashine.