Umo, Ndio, au Umekolea? Uhakiki wa Taswira za Uhalisi Mkuu katika Sura ya Sita ya Chandogya Upanishad

Utangulizi

Kauli kwamba, kwa mujibu wa Uhindu, uhalisi mkuu uitwao Brahman umo katika vitu vyote ni nyepesi kuitamka kwa Kiswahili. Wepesi huo unadanganya. Kirejeshi -mo hudokeza vitu viwili: chombo, na kilichomo ndani yake. Anayesema kwamba maji yamo mtungini hajasema kwamba mtungi ni maji. Kwa hiyo mfasiri anayeandika kwamba uhalisi mkuu “umo” katika vyote amekwisha kuchagua upande katika mjadala uliowagawanya wanafalsafa wa India kwa karne nyingi, na huenda amechagua bila kukusudia.

Sehemu hii inahakiki taswira zinazotumika katika sura ya sita ya Chandogya Upanishad, matini inayotegemewa sana katika mjadala huo. Hoja inayotetewa ni kwamba taswira hizo si visawe vinavyorudia jambo moja, bali kila moja hurekebisha upungufu wa nyingine. Mhakiki anayeifanya taswira moja kuwa mtawala wa zote huipunguza matini.

Muktadha wa mazungumzo

Chandogya Upanishad ni miongoni mwa Upanishadi kongwe, na imefungamana na Sama Veda. Sura yake ya sita, yenye vifungu 16, ni mazungumzo ya Uddalaka Aruni na mwanawe Shvetaketu. Mwana alikwenda kusoma akiwa na umri wa miaka 12, akarejea ana miaka 24, amehitimu Veda zote na amejaa majivuno. Baba anamwuliza swali moja: je, aliyataka kwa walimu wake mafundisho ambayo mtu akiyapata huyajua hata yale asiyowahi kuyasikia? Mwana hakuyapata. Hapo ndipo elimu yake inapoanza upya, nyumbani.

Uddalaka anaanza na udongo. Aliyelijua bonge moja la udongo amevijua vyombo vyote vya udongo, kwa kuwa tofauti zao ni za umbo na jina. Kisha anaeleza kwamba hapo mwanzo palikuwa na sat pekee, pasipo cha pili. Neno hilo la Kisanskriti linaweza kufasiriwa kwa Kiswahili kuwa “Kilichopo”, na ni wapokezi wa Vedanta waliolisoma moja kwa moja kuwa ndilo Brahman. Katika Kilichopo ndimo yalimotoka joto, maji na chakula. Kuanzia kifungu cha 8 hadi cha 16, kila kifungu kinafungwa kwa kauli ileile, mara tisa, inayomgeuzia Shvetaketu mafundisho yote kwa nafsi ya pili: habari za ulimwengu zinakuwa habari zake yeye.

Wafasiri na taswira walizozitawaza

Shankara, ambaye kwa kawaida huwekwa katika karne ya 8, aliipa taswira ya udongo uzito wa pekee. Kwake, chungu ni udongo. Jina “chungu” haliongezi kitu kipya katika uhalisi. Kwa sarufi ya Kiswahili, Shankara ni mwanafalsafa wa kitenzi “ni”.

Ramanuja, wa karne ya 11 na ya 12, aliisoma sura hii sambamba na Brihadaranyaka Upanishad. Humo Uddalaka yuleyule ndiye muulizaji, na Yajnavalkya anamjibu kuhusu Mtawala wa Ndani: yeye akaaye katika ardhi, maji na moto, ilhali ardhi haimjui, na ardhi ni mwili wake. Kwa msingi huo, Ramanuja anauona ulimwengu na nafsi zote kuwa mwili wa Brahman. Mwili si kitu kingine mbali na mwenyewe, lakini pia sio mwenyewe mzima. Hapa “-mo” inapata nguvu yake halali.

Madhva, wa karne ya 13, alikwenda mbali zaidi. Katika Kisanskriti sauti za mwisho na za mwanzo wa maneno huungana, na mfuatano wa sauti katika kauli ya Uddalaka unaruhusu kusomwa pamoja na kiambishi cha ukanushi. Madhva aliusoma hivyo, na kauli ya ufanano ikageuka kuwa kauli ya tofauti: wewe sicho. Aliongeza kwamba mifano ya sura nzima ni ya vitu viwili: chumvi si maji, mito si bahari. Msomaji anaweza kuona hila katika usomaji wa sauti, lakini hoja ya mifano haipuuziki.

Katika uhakiki wa kisasa, Joel Brereton alionesha mwaka 1986 kwamba kiwakilishi tat, ambacho ni cha jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, hakipatani kisarufi na nafsi ya mwana anayesemeshwa. Alipendekeza kwamba kinaonesha namna, si kitu. Patrick Olivelle alifuata msimamo huo katika tafsiri yake ya mwaka 1996. Kiswahili kinaionesha tofauti hiyo waziwazi: “hicho ndicho wewe” si sawa na “hivyo ndivyo ulivyo”. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kukwepa. Lazima achague kati ya -cho na -vyo. Hata hivyo, maneno yanayoitangulia kauli hiyo yanasema kwamba kiini kisichoonekana ndicho nafsi ya ulimwengu mzima. Kwa hiyo -vyo inatatua tatizo la sarufi bila kulifuta dai la kifalsafa. Ukiwa ulivyo ulimwengu, basi nawe kiini chako ni kilekile.

Taswira zinazorekebishana

Zikisomwa kwa mpangilio wake, taswira hizi zinaonesha mwendo. Udongo unafundisha umoja, lakini udongo unaonekana. Bonge liko mkononi. Tunda la nyagrodha, mti wa jamii moja na mkuyu, linaondoa upungufu huo. Mwana analipasua tunda, kisha anaipasua mbegu, na ndani haoni kitu. Baba anamwambia kwamba ni katika kile asichokiona ndimo mti mkubwa unamosimama. Lakini mbegu nayo ina upungufu: ni chanzo, na chanzo chaweza kubaki nyuma baada ya mti kukua.

Chumvi inajibu hilo. Mwana anaitia chumvi majini usiku. Asubuhi anatakiwa aitoe, naye anaipapasa asiipate. Anaonja ukingo mmoja, katikati, na ukingo wa pili: kote ni chumvi. Jambo la kuzingatia hapa si mahali ilipo chumvi, bali mlango wa fahamu unaoitambua. Jicho na mkono vimeshindwa, ulimi umefaulu. Kwa hiyo kifungu hiki hakielezi tu jinsi Kilichopo kilivyo, bali jinsi kinavyojulikana. Ndiyo maana kinachofuata ni mfano wa mtu aliyefungwa macho na kuchukuliwa mbali na Gandhara, ambaye hurudi kwao kwa kuelekezwa na mwenye kuijua njia.

Kwa mtazamo huu, Kiswahili kina kitenzi kinachoifaa taswira ya chumvi kuliko “-mo”, nacho ni “kukolea”. Chumvi iliyokolea haina pembe yake ndani ya chungu. Hakuna tone lililoachwa. Kusema kwamba uhalisi mkuu umekolea katika vyote kunaondoa picha ya chombo na kilichomo. Hata hivyo, kilichokolea kimetiwa na mtu kutoka nje, ilhali Kilichopo hakikutiwa ulimwenguni na yeyote. Hapo udongo unarejea kuirekebisha chumvi, na hakuna taswira inayobaki peke yake.

Hitimisho

Suala hili si la msamiati tu. Kiswahili kimeishi na Wahindu kwa muda mrefu. Kampuni ya Jairam Shivji ilisimamia forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Pamoja na hayo, methali yetu inakumbuka kiatu cha Baniani kuliko fikra yake. Tukifasiri kwa “umo” pekee, msikilizaji atadhani amesikia fundisho analolijua tayari, la Mungu aliyepo kila mahali. Tukifasiri kwa “ni” pekee, atadhani jiwe linaabudiwa kwa kuwa jiwe. Yote mawili humfanya jirani aeleweke kwa haraka, na kwa makosa.

Inapendekezwa, basi, kwamba mfasiri asitafute neno moja la kulibebesha fundisho zima, bali aache “ni”, “-mo” na “kukolea” vifanye kazi kila kimoja katika kifungu chake. Uddalaka mwenyewe alihitaji vifungu tisa kumweleza mwana mmoja aliyedhani amehitimu.