Sindano ya Namdev

Namdev, mtakatifu na mshairi wa Wahindu wa Maharashtra, alizaliwa katika ukoo wa washonaji. Mapokeo yanayaweka maisha yake kati ya 1270 na 1350, na makazi yake Pandharpur, kando ya mto Bhima, penye hekalu la mungu Vitthal. Baba yake, Damasheti, aliishi kwa mkasi na uzi.

Visa vingi vya watakatifu huitaja kazi ya mikono ili kuonyesha unyonge wa mtu, kisha huisahau. Kwa Namdev sindano iliingia ndani ya ushairi wenyewe. Ipo tungo yake ambamo vifaa vya fundi vinakuwa vyombo vya kumtaja Mungu. Fundisho lake ni kwamba mtu hahitaji kuacha kazi ili aabudu. Anayeujua ushonaji hatashangaa: mkono ukishazoea kupiga bandi, moyo na ulimi hubaki huru. Nyumbani mwake humohumo, mtumishi Janabai alitunga nyimbo huku akisaga nafaka, na leo naye huhesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa wa Kimarathi.

Kisa kizuri kuliko vyote kinahusu ufundi mwingine. Watakatifu walipokusanyika, Gora mfinyanzi aliambiwa awapime kama apimavyo vyungu vyake. Akapita akiwagonga vichwani kwa kijiti. Wote walitulia isipokuwa Namdev, aliyekasirika. Gora akasema chungu hiki bado kibichi. Hukumu ilitoka kwa mtu wa udongo, wala si kwa kuhani. Ndipo Namdev akamwendea mwalimu, Visoba Khechar, akamkuta amelala, miguu yake juu ya lingamu, alama tukufu ya Shiva. Alipomkemea, aliambiwa aiweke miguu hiyo mahali pasipo na Mungu. Hakupaona.

Inasimuliwa pia kwamba kwenye hekalu la Aundha Nagnath makuhani walimfukuza kwa sababu ya tabaka lake. Akaenda kuimbia nyuma ya hekalu, na hekalu likageuka kumwelekea.

Baadaye alisafiri kaskazini, na kijiji cha Ghuman, Punjab, kinamkumbuka hadi leo. Kitabu kitakatifu cha Masingasinga kilipokusanywa 1604, nyimbo zake zilitiwa humo, zipo 61. Kwa njia hiyo mshonaji wa Pandharpur amefika Ghuba: kitabu hicho husomwa Guru Nanak Darbar, hekalu la Masingasinga lililofunguliwa Jebel Ali, Dubai, mwaka 2012.

Ushonaji wenyewe nao umefika Dubai: mtaa wa Al Qusais uko upande wa pili wa mji huo, karibu na mpaka wa Sharjah, na Wahindi ni wengi mitaani mwake. Katika vyumba vyake vya ushonaji mteja bado hupimwa bega, kifua na urefu, namba zikiandikwa haraka kwenye daftari. Mswahili akiingia humo haingii ugenini kabisa. Mshonaji huitwa darzi kwa Kihindi na Kiurdu, na neno hilo lina asili moja na kudarizi, kazi iliyoipa kofia ya Zanzibar sura yake: yote yanatoka kwenye darz, yaani mshono. Fundi mwenye pini midomoni hawezi kuimba. Nafasi ya kuimba huja baadaye, mteja akishaondoka, na pindo refu la kanzu likiwa mapajani.