Anwani Kabla ya Mashine

Fundi wa wingu binafsi mimi humpima kwa jinsi anavyogawa anwani, tena kabla hajawasha mashine hata moja.

Mashine pepe haina mwili wa kushika. Ni faili la diski pamoja na kumbukumbu na nguvu ya kichakataji iliyoazimwa kutoka kwenye seva halisi. Asubuhi inafanya kazi kwenye seva moja, jioni imeshahamishiwa nyingine bila kuzimwa, na watumiaji hawana habari. Wanachokijua wao na programu zao ni anwani ya IP. Hiyo ikibaki palepale, kwao mashine iko palepale.

Si kila mashine inastahili anwani ya kudumu. Ya majaribio, itakayofutwa kesho, iachiwe DHCP, huduma inayogawa anwani yenyewe, iipatie yoyote iliyo huru. Lakini hifadhidata inayotegemewa na programu za ofisi nzima, seva ya DNS, na mashine ambayo sheria za ukuta wa moto zimeitaja kwa namba, hizo hazina budi kuamka na anwani ileile hata zikifutwa na kujengwa upya.

Ufundi ninaoupenda kuliko wote katika kazi hii umo ndani ya OpenNebula, programu huria ya kuendesha wingu iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Complutense cha Madrid na kutolewa kwa umma mwaka 2008. Msimamizi anaueleza mtandao wake kwanza: unaanzia anwani ipi, na una anwani ngapi. Kisha kwenye kiolezo cha mashine, penye maelezo ya kadi ya mtandao, anaandika jina la mtandao na IP anayoitaka, tuseme 192.168.10.37. Basi. Mfumo unatazama daftari lake: je, anwani imo ndani ya safu? Kuna aliyeishika? Ikiwa imeshashikwa, ombi linakataliwa. Ikiwa huru, inaandikishwa kwa mashine hiyo, na hapo ndipo penye utamu.

Kila kadi ya mtandao, hata ya kubuni, lazima iwe na anwani ya MAC yenye baiti 6. Anwani ya IPv4 ina baiti 4. OpenNebula inaichukua IP nzima na kuipachika ndani ya MAC. Kwa 192.168.10.37, kadi inapewa 02:00:c0:a8:0a:25. Isome polepole, kwa hesabu ya msingi wa 16: c0 ni 192, a8 ni 168, 0a ni 10, na 25 ni mbili mara kumi na sita ukiongeza tano, yaani 37. Baiti mbili za mwanzo ni kiambishi ambacho msimamizi anaweza kukibadilisha. Na ile 02 haikuokotwa tu: imebeba biti inayotangaza kwamba MAC hii imetolewa na msimamizi wa mahali, haikutoka kiwandani, kwa hiyo haiingilii namba walizogawiwa watengenezaji wa kadi.

Mashine inapowaka, skripti fupi iliyomo ndani yake inaisoma MAC, inazigeuza baiti nne za mwisho kuwa namba za kawaida, na kuiwekea kadi IP hiyo. Haimwulizi yeyote. Hakuna seva ya DHCP ya kusubiri, wala ya kuharibika. Ipo pia CD ya kubuni inayochomekwa kwenye mashine wakati wa kuwaka, ikiwa na IP, lango la mtandao na DNS, maana MAC haina nafasi ya kubeba yote hayo. Hata hivyo mpango ule wa MAC umebaki, nami nashukuru. Fundi anayechunguza tatizo usiku, mbele yake pana orodha ya MAC tu kutoka kwenye swichi, anaweza kuzitaja IP za mashine zote kwa macho yake.

OpenStack, programu nyingine ya wingu iliyoanzishwa mwaka 2010 na NASA pamoja na Rackspace, inafika kwa njia nyingine. Unaunda poti kwanza, yaani nafasi ya kuunganishia mashine kwenye mtandao, unaipa anwani, ndipo unaikabidhi kwa mashine. Mashine ikifutwa, poti uliyoiunda mwenyewe inabaki na anwani yake, ikimngoja mrithi.

Nyuma ya hayo yote kuna kupanga. Hati ya RFC 1918 ya Februari 1996 ilitenga mafungu matatu kwa mitandao binafsi, na lile linaloanza na 10 peke yake lina anwani 16,777,216. Wingi huo humfanya mtu agawe ovyo. Fundi mzuri hutenga safu ya anwani za kudumu mbali na safu ya DHCP, huzishikilia zile za ruta na swichi zisije zikatolewa, na huacha mapengo, kama mpima viwanja anayeacha njia kabla nyumba hazijajengwa.

Uangalifu huo una sababu. ARP, itifaki ya mwaka 1982 inayounganisha IP na MAC, haina namna ya kujua mwenye anwani halali. Mashine mbili zikidai IP moja, anayesikika mwisho ndiye anayeaminiwa, na mtumiaji anaona mawasiliano yanakuja na kupotea bila sababu. Ndiyo maana OpenStack kwa kawaida huzuia pakiti zenye anwani ambayo mashine haikupewa, na OpenNebula ina kichujio cha kazi hiyohiyo, ila lazima ukiwashe. Kiwashe.

Nawe uliyekabidhiwa wingu la ofisi, usiingie ndani ya mashine kuandika IP kwa mkono hata ukiwa na haraka ya namna gani. Iandike kwenye kiolezo au kwenye poti, ili daftari la mfumo liijue, na atakayeshika zamu baada yako aikute.